Kosa Katika Kitabu cha Pili

Mwalimu Adriano alitoka nyumbani bila kofia, kitabu kwapani, upepo wa mwezi wa saba ukimpiga usoni. Waliomsalimu njiani hapo Malangali, mtaa wa Sumbawanga mjini, hawakujibiwa. Tangu asubuhi alikuwa akisoma, na alipokaribia mwisho alikifunga kitabu kwa kishindo akatafuta viatu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha vijana, hadithi ya upelelezi, sehemu ya pili. Ile ya kwanza ilipita mikononi mwa wanafunzi wa Sumbawanga mpaka ikachakaa majalada: msichana anatumwa chumvi jioni, harudi. Kila mtu alijua msichana yule ni nani. Mwandishi, Mariana, alikuwa na dada yake, Luciana, aliyepotea kule kijijini Kate, walikokuwa wakiishi Mariana akiwa bado mdogo.

Mwalimu Adriano alimfundisha Luciana. Ndiye pia aliyemwona mara ya mwisho, akipanda lori la kwenda Muze. Kwa neno lake hilo watu waliteremka bondeni, wakamtafuta mpaka kandokando ya Ziwa Rukwa. Hawakupata hata kandambili.

Mama yao hajakubali misa ya marehemu mpaka leo. Anasema hawezi kumwombea mtu ambaye yeye hajui amelala wapi. Gari likisimama nje, anainuka kuchungulia. Inauma kumtazama, na Mariana amemtazama hivyo ujana wake wote.

Sehemu ya kwanza iliishia njiani kuelekea Muze, wasomaji wakabaki wameduwaa. Ya pili Mariana alimletea Mwalimu mwenyewe, mkononi, baada ya misa ya Jumapili.

"Kisome wewe kwanza, Mwalimu. Ukiona kosa, niambie."

Na kosa lilikuwepo. Sasa Mwalimu Adriano na kosa haviwezi kulala nyumba moja. Mzee huyu husahihisha hata matangazo ya msiba, wafiwa wakiwa wamesimama pale pale. Alipiga hodi kwa Mariana akihema.

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Yupo ndani, amejipumzisha." Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa.

Mwalimu alikaa, akafungua kitabu, akagonga ukurasa kwa kidole.

"Mariana, umetuaibisha Wafipa. Hapa. Msichana hakufika popote, aliuawa kijijini kwao, haya. Lakini muuaji anamfukia ndani ya tuta la shamba! Tuta!"

"Kwani haiwezekani?"

"Umekulia mjini, ndiyo maana. Tuta letu tunalipiga mvua zikielekea kuisha, tunafukia majani yaoze humo. Mvua zikirudi tunalibomoa, tunatawanya udongo, tunapanda ulezi. Mtu aliyezaliwa Ufipa afiche maiti humo? Jembe la kwanza tu, kashaonekana. Hata watoto wa shule ya msingi watakucheka."

Mariana aliinamisha kichwa. Alikuwa amefumbata mikono magotini, na vidole vilikuwa vimepauka kwa kubanwa.

"Nimeona aibu, Mwalimu. Sasa angemweka wapi, ili wasomaji waamini?"

Upepo ulitikisa bati. Mwalimu Adriano alitazama dirishani, akajikuna kidevu. Swali zuri lilimpendeza sikuzote.

"Mahali jembe lisipofika. Si kuna yale matanuri ya udongo, wazee walikoyeyushia chuma? Watu wanayaogopa, hawalimi karibu. Lile la Kate, juu ya kijito. Chini yake kuna shimo walikokuwa wanachota udongo. Unamlaza mle, halafu ukuta wa tanuri uliokwisha kulegea unausukuma, unamwangukia. Atakayepita ataona tanuri limebomoka kwa uzee. Mbwa hawezi kufukua pale. Mvua zote hizi zimepita na hakuna aliye..."

Alikohoa.

"Yaani zitapita. Kwenye hadithi. Na hakuna atakayejua."

"Ukuta upi, Mwalimu? Niandike vizuri."

"Wa upande wa kijito."

Mariana alifunika uso kwa kanga. Alilia kwa nguvu, bila kujizuia, mabega yakipanda na kushuka. Mwalimu alimwonea huruma. Alimsogezea kitabu mezani taratibu.

"Usilie, binti yangu. Mwandishi gani hakosei? Hivyo vilivyokwisha kufika madukani, basi tena. Ukichapa vingine, utarekebisha."

Mlango wa chumba ulifunguka. Mama yake Mariana alitoka amejitanda shali, hakusalimu. Nyuma yake alikuja mwanamume aliyevaa koti la kawaida, simu mkononi ingali inarekodi, na pingu zikining'inia mkandani.

"Madukani hakipo, Mwalimu," Mariana alisema. "Tulichapa kimoja tu."