Nyumba Isiyo na Ua

Wajumbe wa baraza la Rujewa walikusanyika ndani ya nyumba ya mfano, na mwenyekiti akawaambia wanaokubali wanyooshe mikono. Wakikubali, nyumba zote za udongo nyuma ya soko zingevunjwa, zijengwe za matofali kama hii.

Mwanakhamisi, ambaye nyumba yake ingekuwa ya kwanza kuvunjwa, alikuwa ameizunguka ile ya mfano akitafuta ua. Mlango ulikuwa mmoja tu, unaotazama soko.

"Ua uko wapi?" akauliza kizingitini.

"Ua wa nini, mama?" Mwenyekiti alitabasamu. "Hizi nyumba ni za kisasa. Kuku mtawafugia kwingine."

Wajumbe wakacheka.

Kuku! Mwanakhamisi alihisi masikio yanawaka moto. Si huyu huyu aliyemjia masika yaliyopita akilia, mama yake amefia katika chumba cha kupanga? Si uani kwa Mwanakhamisi wanawake walikomwosha yule marehemu, nyuma ya ua wa matete, asionwe na mpita njia?

Mikono ikaanza kunyooka, wa mwenyekiti ukitangulia.

Mwanakhamisi akaingia bila kukaribishwa. Akavua kanga ya begani, akaitandika sakafuni, akainyoosha pembe zake taratibu, kama anavyotandikiwa maiti.

"Mama yako angelazwa hapa," akasema. "Nionyeshe, mwanangu, tungemsitiri wapi."

Mwenyekiti aliitazama kanga. Kutoka sokoni, kupitia mlango ule mmoja, watu nao walikuwa wakiitazama.

Mkono wake ulikuwa bado juu.