Diski ya Nne

"Mzee, vuta diski ya tatu," bosi aliagiza kwa simu kutoka Arua.

Afedra, mlinzi wa redio ya Koboko, aliitazama seva. Diski zake tano zilitunza kwa pamoja vipindi vyote, hata salamu za asubuhi alizorekodi marehemu mkewe. Moja ilikuwa imekufa. Angevuta na iliyo nzima, vyote vingepotea.

"Lakini bosi, taa nyekundu iko kwa ya nne."

"Nani alisoma, mimi ama wewe?"

Kompyuta ilihesabu diski kuanzia sifuri, hivyo tatu yake ilikuwa ya nne, na msomi alikuwa amesahau.

Afedra akazigusa. Ya tatu ilikuwa na joto, ikitetemeka. Ya nne ilikuwa baridi, kama mkono wa mkewe alioushika wodini, daktari akiwa mkutanoni.

Akavuta ya nne.

"Umetoa ya tatu?"

"Ndiyo, bosi."

Redioni, mkewe akawaamkia wasikilizaji.