Disketi ya Kiwandani

Kompyuta kuukuu ya Mchopa ndiyo pekee mjini iliyobaki ikisoma disketi, ndiyo maana Kidawa, mjane wa rafiki yake, alimletea ile iliyookotwa kilipobomolewa kiwanda walichofanyia kazi wanaume hao wawili.

"Shemeji, hilo dude halijafa tu?"

"Linasubiri nitangulie."

Kidawa hakucheka. "Nataka kumjua aliyempelekea meneja majina ya waliogoma. Mume wangu kafa hajamjua."

Mchopa akaitia disketi, mashine ikakoroma. Lilikuwamo faili moja tu, na jina lake alilijua kabla hajalifungua, maana aliliandika yeye, siku ile meneja alipomwahidi cheo. Yakatokea majina kumi na tisa, na chini kabisa, kama mwandishi, la kwake.

"Imesoma?" Kidawa aliuliza kutoka ng'ambo ya meza.

Angeweza kusema imeoza. Disketi huoza, nani angembishia? Miaka yote hiyo alikula futari kwa mama huyu, akiwalaani wasaliti kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Imesoma, shemeji."

Akaishika skrini kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, ikageuka taratibu, na mwanga wake wa kijani ukaanza kuingia kwenye miwani ya Kidawa.