Macho Yalipoishia

Siku hizi karatasi inajua macho ya msomaji yameishia wapi, na jarida lisilosomwa mpaka mwisho linafungwa. Letu, la tuliosoma chuo cha ufundi, lilibakiza toleo moja tu lifungwe. Wasomaji wote walikuwa wanalala kwenye hotuba ya mkuu wa chuo, hata mkuu mwenyewe!

Mimi mhariri nikaitoa hotuba. Nikaweka picha ya zamani ya foleni ya bwaloni, kila mtu na sahani yake, chini nikaandika: "Jitafute."

Wee! Wamesoma mpaka jina la mchapaji. Mkuu akapiga simu: "Mhariri, umetuokoa! Sasa hotuba yangu toleo lijalo?" Nikajifanya mtandao unakata.

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu ripoti ya macho ya wasomaji, maana naye alisoma chuo hichohicho.

"Mama Tumpe, tumeshinda! Na wewe umeitazama picha kuliko wote."

Alama ya macho yake ilikuwa imeganda kwa kijana mmoja mrefu. Si mimi.

"Nilikuwa naangalia maharage, baba Tumpe. Nimeyakumbuka."

Tukacheka mpaka machozi. Alipoingia jikoni nikaisogeza picha karibu. Sahani ya yule kijana ilikuwa tupu.