Tamale Zisizoiva

Petra alifunua chungu cha tamale, vibumba vya unga wa mahindi vinavyoivishwa kwa mvuke, akabonyeza moja kwenye ganda la hindi lililoifunga. Unga ulikuwa bado mbichi, ingawa moto ulikuwa ukiwaka tangu asubuhi.

“Jikoni humu kuna mwenye kinyongo,” alisema. Mji mzima ulijua kwamba tamale haziivi penye hasira.

“Si mimi, Mama,” akajibu Ofelia, mjane wa mwanawe Anselmo.

“Basi ni mimi. Anselmo alipougua alikataa kijiko changu, akapokea chako. Nikakuonea wivu, kumbe wewe ndiye uliyemlisha mpaka siku yake ya mwisho. Ahsante, mwanangu.”

Ofelia alichochea kuni, akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na Petra. Mvuke ukaanza kunukia. Wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kufunua chungu.