Mtoto Aliyeikataa Operesheni

Mtoto aliikataa Operesheni mchana kweupe, mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji.

Aliinyonya chupa kwa nguvu mpaka uso ukamwiva, kisha akaisukuma kwa ulimi na kupiga ukelele uliowatoa kuku jikoni. Mwenyekiti Sebastiani akavua kofia, akaivaa tena.

"Ndugu Kalisti," akamwambia baba wa mtoto, "mwanao ana msimamo mbaya."

"Hajatimiza hata miezi mitatu, Ndugu Mwenyekiti."

"Ndipo msimamo unapoanzia."

Mambo yalianza hivi. Homa ilipomkausha Atusaye maziwa, mwanawe alipewa chupa na maziwa ya ng'ombe, naye akayanywa kama mkulima aliyetoka kufukia majani kwenye matuta. Halafu, juma lile lile ukoo wa Kalisti ulipoanza kujadili jina, akaacha. Hakunywa kwa baba, hakunywa kwa shangazi, hakunywa kwa bibi.

Luciana, mama yake Kalisti, hakuhitaji mganga. Watoto wake wote aliwalea kwa ziwa lake mwenyewe, na chupa ya mtoto aliiona mara ya kwanza kwa mkwewe huyu. Lakini watoto aliwajua.

"Anayekataa maziwa anadai jina," alisema. "Kuna mzee ndani yake. Mwiteni kwa jina lake, atakunywa."

Basi ikawa kazi. Kila alasiri ukoo ulikusanyika uani. Atusaye alichemsha chupa, akaijaza, akaileta. Luciana alimpakata mtoto, akataja jina la marehemu, akampa.

Wakamwita Oswaldi, babu mwenye ng'ombe wengi. Akakataa. Wakamwita kwa jina la mjomba aliyepigana Burma. Akakataa huku akirusha mateke. Wakateremka mpaka kwa wafu wasiopendwa, hata yule aliyeiba kengele ya kanisa akaiuza Mwimbi. Mtoto akanyonya, akasita, akalia.

"Ashukuriwe Mungu kwa huyo," Kalisti alinong'ona. Jasho lilimtoka, na upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Huyu ndiye mwanawe wa pekee, na mtoto haishi kwa upepo.

Cha ajabu, hakukonda. Mashavu yalizidi kujaa, mapaja yakafanya mikunjo.

"Wazee wanamlisha wenyewe," Luciana alieleza. "Lakini watachoka. Wazee nao wana kazi zao."

Atusaye alisema neno mara moja tu.

"Na baba yangu je, mama? Amekufa bila mtoto wa kiume. Jina lake litaozea kaburini."

Luciana alicheka mpaka akashika ukuta. "Nsajigwa! Yule seremala wa kuja, aliyetoka Mbeya na randa begani! Mjukuu wangu, Mfipa wa Wafipa, abebe jina linalokwama kooni kama mfupa wa samaki? Nenda kachemshe chupa, binti."

"Ndiyo, mama," Atusaye alijibu, akaenda kuchemsha chupa.

Habari zikafika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti Sebastiani akaja mwenyewe, kwa kuwa mtoto ni mali ya taifa na wafu hawalipi michango. Alisema kijiji hakiwezi kutazama nyuma makaburini. Mtoto amezaliwa mwaka wa Operesheni, ambao watu walihamishiwa kijijini. Jina lake liko wazi. Aitwe Operesheni.

Kwanza alichukua chupa, akaitikisa sikioni, akaiinua juani.

"Maziwa yamo," alitangaza. "Chupa haina kosa. Uchunguzi umekamilika."

Kisha mtoto akaikataa Operesheni, kama ilivyosemwa.

Kalisti akasimama. Hakujali nani anamsikia.

"Mama, mwanangu atakufa kwa kiburi chetu. Mwite kwa jina la mkwe wangu."

"Nsajigwa? Mbele za watu?"

"Mwite hata Farao, ilimradi anywe!"

Luciana akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa anatafuna ngumi. Ugumu wote ukamtoka usoni. "Leteni hiyo chupa," alisema.

"Maziwa yamepoa, mama," alisema Atusaye. "Ngoja niyapashe moto."

Akaingia jikoni, akarudi. Luciana akafumba macho kama mtu anayemeza kwinini.

"Nsajigwa," akasema.

Mtoto akaidaka chupa. Akanywa bila kupumua, vidole vya miguu vikiwa vimejikunja, akanywa mpaka chupa ikabaki inafyonza hewa. Halafu akatazama huku na huko kama mtu anayeuliza kama kuna nyingine.

Vigelegele vililipuka. Kalisti alicheka huku analia. Mwenyekiti alivua kofia, safari hii hakuivaa.

"Ndugu Nsajigwa," alisema kwa sauti ya mkutanoni, "karibu kijijini. Utapewa ekari kama wenzako."

Luciana alimweka mtoto kwenye mkeka, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mkwe. Nimekutukana mbele za watu, na randa yako nimeitaja vibaya. Unisamehe, nilikuwa sijui kama upo hapa."

Mtoto akacheua. Luciana akashukuru.

Atusaye aliokota chupa tupu, akaenda kuiosha. Alipobaki peke yake jikoni, alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa chuchu nyingine ya chupa, ile ambayo hakuwahi kuitoboa kwa sindano, akaisukumia katikati ya makaa.