Kibao Shingoni

Tangu Jumatatu kibao cha mbao kilining'inia shingoni mwangu, kimeandikwa kwa Kiingereza MIMI NI MJINGA. Ndiyo adhabu ya kuongea Kiswahili shuleni kwetu, na hukivui mpaka umkamate mwingine akikiongea.

Madamu wa Kiingereza alipenda mifano iliyo hai. Akaandika ubaoni sentensi mbili za Kiingereza: Wananiita mjinga. Mimi si mjinga.

“Wewe, ziunganishe ziwe moja.”

Nikasimama. “Mimi si mjinga kama wanavyoniita,” nikajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kosa hata moja.

“Sahihi kabisa,” alisema Madamu, akikitazama kibao. Darasa zima likaangua kicheko.

Nikakaa. Kamba ilikuwa imenichubua shingo. Editha, niliyeshuka naye kutoka kwetu milimani Mgeta juu ya lori moja la kabichi, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliniinamia, akanipulizia pale penye mchubuko, taratibu, kama mama anavyompulizia mtoto aliyeungua.

“Pole, mwaya,” akaninong'oneza.

Kwa Kiswahili.

Nikanyoosha mkono juu, Madamu anione, kabla pumzi yake haijapoa shingoni mwangu.